Haipapolarizesheni: mashine ya MRI haijaongezwa nguvu, imepewa cha kusikia

Kila baada ya muda huibuka kichwa cha habari cha aina hii: wanasayansi wameongeza nguvu ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, mara elfu kumi. Msomaji huishia kuwaza sumaku kubwa ajabu, au picha zitakazoonyesha kila seli ya mwili ilipo. Mwingine hulisoma neno lenyewe, haipapolarizesheni, akakumbuka somo la neva alilofundishwa kwenye biolojia, akazidi kupotea. Na yupo anayesikia "kaboni 13" na "gesi ya zenoni" akajua moja kwa moja kwamba ni mionzi hiyo, inapitishwa mlango wa nyuma.

Ile namba ya elfu kumi si uongo. Kinachokosewa ni kitu gani hasa kimeongezwa. Mashine haikuguswa kabisa. Kilichobadilika ni dawa ya kwenye bomba la sindano, au gesi ya kuvuta pumzi moja tu, iliyoandaliwa pembeni kabla ya kuingia mwilini. Na dakika chache baadaye dawa hiyo au gesi hiyo itakuwa imerudi katika hali yake ya kawaida, kana kwamba hakuna aliyeigusa.

Kuelewa jambo hili kunahitaji maneno mawili tu. La kwanza ni spini. Viini vya baadhi ya atomu hufanya kazi kama visumaku vidogo mno. Kiini cha hidrojeni, ambacho ni protoni moja peke yake, ni kimojawapo. Kaboni ya kawaida, yaani kaboni 12, haina usumaku huo, lakini ndugu yake kaboni 13, aliyemzidi nyutroni moja, anao. Sifa inayokifanya kiini kiwe kisumaku ndiyo inayoitwa spini. Jina linadokeza kuzunguka kama pia, ingawa hakuna kinachozunguka kwa namna hiyo. Ni jina lililozoeleka tu.

Ukivitia visumaku hivi ndani ya uga wa sumaku kubwa, vingine huelekea upande wa uga na vingine huelekea kinyume chake. Ukivipigia mawimbi ya redio yenye masafa vinayoyakubali, vinaitikia, kisha vyenyewe vinatoa mawimbi hafifu ya redio ambayo chombo kinaweza kuyanasa. Huo ndio mvumo wa sumaku. Felix Bloch na Edward Purcell waliugundua mwaka 1946, kila mmoja na kundi lake, wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1952. MRI ni mvumo huohuo uliogeuzwa kuwa picha, kazi iliyowapa Paul Lauterbur na Peter Mansfield Nobel ya tiba mwaka 2003.

Neno la pili ni polarizesheni, na hapo ndipo penye kisa chote.

Watu milioni moja, kazi ya watu kumi

Chukua mchezo wa kuvuta kamba. Upande huu wako watu 500,005, upande ule wako 499,995. Wanavuta kwa nguvu zao zote, jasho linawatoka, lakini kamba inasogea kidogo tu, kwa sababu karibu kila mvutaji wa huku anafutwa na mwenzake wa kule. Anayeitazama kamba kutoka mbali hawezi kudhani kwamba pana watu milioni moja. Anachokiona ni kazi ya watu 10.

Namba hizo si za kubuni. Hivyo ndivyo viini vya hidrojeni vinavyogawanyika katika mwili wa mtu aliyelala ndani ya sumaku ya tesla 3 (tesla ni kizio cha kupimia nguvu ya uga wa sumaku), ambayo ni miongoni mwa mashine zenye nguvu zinazotumika hospitalini. Katika kila viini milioni moja, ziada ya upande mmoja ni kama 10. Uwiano huo wa ziada ndio polarizesheni, na hapa ni asilimia 0.001. Vingine vyote vinafutana, na mashine haivisikii.

Anayeleta vurugu hii ni joto. Molekuli za mwili zinagongana na kutikisika wakati wote, na nguvu ya mtikisiko huo ni kubwa mno ukiilinganisha na mvuto wa sumaku juu ya kiini kimoja. Ni kama sindano nyingi za dira zilizowekwa juu ya meza inayotikiswa bila kupumzika: kila moja ingependa kuelekea kaskazini, ila haipewi nafasi.

Basi MRI inafanyaje kazi? Inaokolewa na wingi. Mwili umejaa maji, na tone la maji lenye ujazo wa milimita moja tu ya mchemraba lina viini vya hidrojeni vipatavyo 67 ikifuatiwa na sifuri 18. Ukichukua 10 katika kila milioni ya hivyo, bado unabaki na viini vya ziada kama trilioni 670. Hao wanatosha kupiga kelele ikasikika.

Shida inaanza pale unapotaka kuona kitu kisicho maji. Hewa iliyomo mapafuni ni nyepesi mno, kwa hiyo katika MRI ya kawaida mapafu hutokea kama shimo jeusi. Molekuli zinazotokana na kuvunjwa kwa sukari ndani ya seli ni chache mno mbele ya bahari ya maji. Kaboni yake nayo, ukiitaka, ni asilimia 1.1 tu ndiyo kaboni 13, na usumaku wa kiini hicho ni kama robo ya ule wa hidrojeni. Ziada ndogo ya kitu kilicho adimu: mashine haipati hata mnong'ono.

Jibu la haraka ni kuongeza sumaku. Ufaransa wamefanya hivyo. Mashine iitwayo Iseult, iliyoko Saclay karibu na Paris, ina sumaku ya tesla 11.7 yenye uzito wa tani 132, na mwaka 2024 ilitolewa picha zake za kwanza za ubongo wa binadamu. Ni kazi ya kuvuliwa kofia. Lakini ziada inapanda sambamba na nguvu ya uga, kwa hiyo hata humo ndani viini vya ziada havifiki 40 katika milioni.

Jibu la pili ni subira: rudia kipimo mara nyingi, ujumlishe. Hapa hesabu inaumiza, kwa sababu ubora unapanda kwa kipeuo cha pili tu cha idadi ya vipimo. Ukitaka mlio uwe wazi mara 100 zaidi, rudia mara 10,000. Ukitaka mara 10,000, rudia mara milioni 100, na kwa kipimo kimoja kila sekunde utakaa zaidi ya miaka mitatu. Hakuna mgonjwa wa kukusubiri.

Haipapolarizesheni inaacha njia hizo zote mbili na kuingilia ule mchezo wenyewe wa kamba: wahamishe wavutaji. Badala ya 10 katika milioni, pata laki mbili, tatu, nne. Viini ni vilevile na idadi ni ileile, ila sasa havifutani.

Kumkopa elektroni

Wanahamishwaje? Njia iliyozaa ile namba ya elfu kumi inaanzia kwa jirani wa kiini, elektroni. Elektroni nayo ni kisumaku, na usumaku wake unauzidi ule wa protoni mara 658. Iweke katika sumaku ya tesla 3.35 na uipoze hadi karibu nyuzi moja juu ya sifuri halisi (sifuri halisi ni nyuzi 273 za selsiasi chini ya kuganda kwa maji), na zaidi ya asilimia 90 ya elektroni zitaelekea upande mmoja. Viini vya kaboni 13 vilivyo katika baridi hiyohiyo bado viko chini ya sehemu moja katika elfu. Elektroni ni tajiri, kiini ni maskini, na wanaishi nyumba moja.

Mwaka 1953 Albert Overhauser alipendekeza kwamba utajiri huo unaweza kuhamishwa: ukizichokoza elektroni za metali kwa mawimbi ya masafa yake, viini vilivyo jirani vitapangika kuliko vinavyostahili. Wanafizika wakubwa wa wakati huo hawakuamini. Na ukifikiri, walikuwa na haki ya kushangaa. Mtu anasema anaongeza nishati kwa elektroni, na matokeo yake viini vinakuwa na utulivu kama vilivyopozwa! Mwaka huohuo Thomas Carver na Charles Slichter walipima kwenye metali ya lithi, wakakuta ni kweli.

Kwa miaka mingi jambo hili lilibaki la maabara za fizikia, kwa sababu lilitaka baridi kali na vitu vilivyoganda, na kitu kilichoganda hakiingii kwenye mshipa wa mtu. Mwaka 2003 Jan Henrik Ardenkjær-Larsen na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Malmö nchini Sweden, wakaonyesha kwamba unaweza kukiyeyusha upesi bila kupoteza mpangilio wote. Mchanganyiko wa molekuli unayoitaka na kiasi kidogo cha kemikali yenye elektroni pweke, yaani isiyo na mwenzi wa kuifuta, unagandishwa, unapigwa mawimbi ya maikro (ya aina ya jiko la maikrowevu) kwa saa moja au zaidi, halafu unamiminiwa maji ya moto yenye shinikizo. Ndani ya sekunde chache unapata kimiminika vuguvugu chenye ishara iliyopanda zaidi ya mara 10,000.

Hebu litazame jambo hilo vizuri, kwa maana mimi hulirudia kila mara na bado linanishangaza. Kimiminika kina joto la mwili. Lakini ukiuliza ni baridi kiasi gani ingehitajika ili viini vyake vijipange hivyo vyenyewe katika ile sumaku, jibu ni sehemu chache tu za elfu za nyuzi moja juu ya sifuri halisi. Maji ni ya moto, spini zake zina baridi isiyopatikana popote katika maumbile, na vyote viwili vimo katika bomba moja la sindano.

Barafu mkononi

Hali hiyo haidumu. Mara tu kimiminika kinapotoka kwenye mashine ya kukiandaa, mtikisiko wa joto unaanza kuvirudisha viini kwenye ule mgawanyo wa karibu sawa kwa sawa. Kwa piruvati yenye kaboni 13, molekuli inayotumika zaidi, kinachobaki baada ya kila dakika moja ni karibu theluthi moja ya kilichokuwapo. Baada ya dakika tano umebaki na chini ya asilimia moja. Ndani ya mwili hali ni mbaya zaidi. Na kila mpigo wa redio unaotumia kupiga picha unakula sehemu ya akiba hiyo, wala hairudi, tofauti na maji ya mwili ambayo hujipanga upya yenyewe baada ya kila mpigo.

Kwa hiyo chumba cha kuandalia kinakuwa hatua chache kutoka kwenye mashine ya MRI. Kimiminika kinachujwa kuondoa zile kemikali za elektroni pweke, kinapimwa usalama wake, kinadungwa, kinapigwa picha, vyote kwa mwendo wa mtu aliyebeba barafu mkononi juani. Ukisikia kwamba teknolojia fulani ya haipapolarizesheni imekwama, mara nyingi kilichoikwamisha ni saa ya ukutani.

Kwa nini piruvati? Kwa sababu inakaa kwenye njia panda. Seli ikivunja sukari, hupata piruvati, na kutoka hapo seli huamua: kuipeleka kwenye vinu vya nishati ikaunguzwe kwa oksijeni, au kuigeuza kuwa laktati. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aliona kwamba seli za saratani hupenda njia ya laktati hata pale oksijeni ilipo tele. Sasa kila molekuli ina masafa yake kidogo tofauti, kama kila mtu na sauti yake, kwa hiyo mashine inaweza kuisikia piruvati ikipungua na laktati ikiongezeka, sekunde kwa sekunde, mahali uvimbe ulipo. Jaribio la kwanza kwa binadamu, lililofanyika Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco kwa wagonjwa 31 wenye saratani ya tezi dume, lilichapishwa mwaka 2013.

Lina dosari inayostahili kutajwa, maana taarifa za kushangilia huiruka. Piruvati inayodungwa ni nyingi kuliko ile inayokuwamo katika damu kwa kawaida, mara nyingi sana. Hivyo si sawa na kuchungulia seli bila yenyewe kujua. Unaisukumia mzigo wa ghafla kisha unatazama inavyoubeba. Bado ni habari muhimu, lakini ni habari ya aina hiyo.

Gesi ya zenoni ina njia yake. Hapa anayetoa mpangilio ni mwanga wa leza. Leza inaelekeza elektroni za mvuke wa metali ya rubidi, na rubidi ikigongana na zenoni 129 inaipa kiini chake mwelekeo huo. Msingi wa mbinu ya kupanga atomu kwa mwanga uliwekwa na Alfred Kastler wa Ufaransa, aliyepewa Nobel mwaka 1966. Picha za kwanza, za mapafu ya panya, zilichapishwa mwaka 1994. Mgonjwa huvuta gesi mara moja, anabana pumzi kwa sekunde chache, na lile shimo jeusi linajaa: sehemu zinazopata hewa zinang'aa, zilizoziba zinabaki nyeusi.

Kilichonivutia mimi katika zenoni ni kwamba inayeyuka. Inapita kutoka kwenye hewa, kuingia kwenye utando wa pafu, hadi kwenye chembe nyekundu za damu, na katika kila kituo masafa yake hubadilika. Kwa hiyo unaweza kuuliza si tu kama hewa imefika, bali kama inavuka. Watafiti wa Uingereza waliitumia kwa watu waliobaki na shida ya kupumua baada ya UVIKO-19, ambao vipimo vya CT (picha za kina za eksirei) havikuonyesha kasoro ya maana, wakaona kwamba uvukaji wa gesi kwenda kwenye damu ulikuwa umepungua. Desemba 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha zenoni hiyo kwa kuchunguza upitaji wa hewa mapafuni kwa watu wa miaka 12 na kuendelea. Piruvati bado iko kwenye utafiti.

Ipo pia njia ya tatu, ya wakemia, na ndiyo rahisi zaidi kwa vifaa. Molekuli ya hidrojeni ina viini viwili, na ukiipoza gesi hadi nyuzi 20 hivi juu ya sifuri halisi mbele ya kichocheo kama oksidi ya chuma, karibu molekuli zote huingia hali iitwayo parahidrojeni, ambapo viini viwili vinafutana kikamilifu. Ni utaratibu kamili usiotoa sauti hata kidogo. Lakini ukiwaunganisha wawili hao na molekuli nyingine kwa namna inayowatenganisha, ule utaratibu unajitokeza kama ishara kubwa. Russell Bowers na Daniel Weitekamp walieleza hilo mwaka 1986. Mwaka 2009 kundi la Simon Duckett wa Chuo Kikuu cha York likaonyesha kwamba si lazima hata hidrojeni iungane na molekuli lengwa: inatosha wakutane kwa muda mfupi juu ya kichocheo cha metali ya iridi.

Yanayosemwa

"Ni mionzi." Hapana. Kaboni 13 na zenoni 129 ni isotopu (aina za atomu ileile zenye uzito tofauti) tulivu, hazivunjiki. Anayechanganya kaboni 13 na kaboni 14, ile ya kupimia umri wa mabaki ya kale, ana sababu ya kuchanganya kwa kuwa majina yanafanana, ila ni 14 pekee yenye mionzi. Kinachotumia mionzi ni kipimo cha PET, ambacho kwa kweli kina uwezo wa kugundua kiasi kidogo zaidi cha dawa kuliko MRI yoyote. Tofauti ni kwamba PET huonyesha dawa iliko, wala haiwezi kusema imegeuka kuwa nini.

"Picha za MRI zitakuwa kali mara elfu kumi." Hapana tena. Maji ya mwili hayajaguswa, kwa hiyo picha ya kawaida ya goti au ubongo itabaki ilivyo. Kilichoongezeka ni sauti ya dawa iliyoingizwa tu, na ramani za piruvati kwa kawaida huwa na chembe kubwa, zisizo na urembo wowote, ambazo hulazwa juu ya picha ya kawaida ili daktari ajue anatazama wapi.

"Mwili utageuka sumaku." Kuelekeza viini hakubadili kemia. Piruvati iliyoelekezwa inatumiwa na seli sawasawa na isiyoelekezwa. Zenoni ni dawa ya usingizi ikivutwa kwa wingi na mfululizo. Kwa pumzi moja mtu anaweza kusikia kichwa chepesi kwa muda mfupi.

Ama ile haipapolarizesheni ya neva, ni jambo jingine kabisa: ni tofauti ya umeme kati ya ndani na nje ya seli inapozidi ile ya mapumziko. Haihusiani na sumaku. Ni majina tu yamegongana.

Hospitali imeniteka, lakini huenda faida kubwa ya kila siku iko kwa wanaochunguza protini na plastiki na betri, ambao hawahitaji kuyeyusha chochote. Wao huiacha sampuli ikiwa imegandishwa na kuipiga mawimbi humohumo ndani ya chombo. Kwa ile hesabu ya kipeuo cha pili, ishara ikipanda mara 100 tu, kipimo cha wiki nzima kinakwisha kwa dakika moja.

Kwa upande wa hospitali, mzigo mkubwa unaoshughulikiwa sasa ni ule wa barafu mkononi. Zenoni ikigandishwa kwa nitrojeni kimiminika huhifadhi mpangilio wake kwa saa kadhaa. Kwa piruvati, kinachouharibu mpangilio upesi ni zile elektroni pweke zilizousaidia kuingia, na kwa hiyo watafiti wanajaribu kuzitoa au kuzitenga kabla ya kuyeyusha, ili dawa iandaliwe mahali pamoja na isafirishwe kwa gari hadi kwenye mashine za mbali. Chombo cha kuibebea lazima kiwe na baridi kali na pia sumaku yake ndogo, kwa sababu dawa hiyo ikipita hata kwa kitambo mahali ambapo uga wa sumaku umekaribia sifuri, inafika ikiwa piruvati ya kawaida.